SAED, EBSD, CBED au 3D ED: difraksheni ipi ya elektroni inaifaa sampuli yako?

Vijana wanaoanza kazi ya metali, madini au kauri huniuliza swali lilelile: "Kaka, niombe hadubini ipi?" Huwa siwajibu hapo hapo. Nawauliza kwanza: ukishamaliza kazi, ni sentensi gani unataka uweze kuiandika bila kusita? "Kitu hiki ni fuwele ya aina fulani"? "Punje za chuma hiki zimeelekea upande huu"? Au "Atomi za kitu hiki kipya zimekaa hapa, hapa na hapa"? Zote tatu hujibiwa kwa difraksheni ya elektroni, yaani kuzielekeza elektroni kwenye fuwele na kusoma namna zinavyotawanyika. Lakini kila sentensi ina mashine yake, maandalizi yake na mitego yake. Anayekosea kuchagua hupoteza muda wa mashine ambao pengine aliusubiri kwa miezi.

Nayasema haya kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa na kipande cha stenlesi kilichochomelewa, na kutu ilikuwa imeanza kukitafuna kando ya weldi, kwenye mstari mwembamba unaokwenda sambamba na kiungo. Nilitaka kujua kwa nini. Nikaomba TEM, ile hadubini ambayo elektroni hupenya sampuli, kwa kuwa niliiona ndiyo kubwa kuliko zote. Kukata kipande chembamba kwa mwale wa ioni kulimaliza siku nzima. Kikatoka kijisahani cha upana wa kama mikroni 10, na ndani yake mlikuwa na punje moja tu, yaani fuwele moja kati ya nyingi ndogo zinazokiunda chuma. Madoa ya difraksheni yalikuwa mazuri ajabu: ostenaiti safi, yaani mpangilio wa kawaida wa fuwele za stenlesi hiyo. Ila punje moja iliyokatwa kwa kubahatisha haikuwa na la kuniambia kuhusu mstari wa kutu. Siku ya pili kipande kilekile kiling'arishwa na kuingizwa kwenye SEM, hadubini ambayo elektroni hutembezwa usoni mwa sampuli, yenye EBSD, kamera inayosoma mwelekeo wa kila punje, na chini ya saa moja nilikuwa na ramani ya nusu milimita kwa nusu milimita, kila punje na rangi ya mwelekeo wake.

TEM haikuwa na kosa. Niliipa swali ambalo halikuwa lake. Nitarudi kwenye weldi hiyo mwishoni.

Kwanza kabisa, eksirei

Ukiwa na unga wa kutosha kujaza kijiko cha chai, anza na eksirei ya unga, ile inayoitwa XRD. Ni rahisi kuipata kuliko hadubini yoyote ya elektroni, haihitaji sampuli nyembamba, na inasoma mamilioni ya punje kwa mkupuo mmoja. Pia inapima ukubwa wa kisanduku cha fuwele, yaani kile kipande kidogo kinachojirudia kuijenga fuwele nzima, kwa usahihi ambao elektroni huufikia kwa taabu. Nimeona watu wakiomba TEM ili kuthibitisha kwamba unga wao ni oksidi ya zinki. XRD ingewajibu kabla chai haijapoa.

Elektroni huingia pale eksirei inapokwama: punje ni ndogo mno, au unachotafuta ni kidogo kimejificha ndani ya kingi, au unataka kujua kipo wapi hasa. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba elektroni zinaweza kukusanywa kwa lenzi za sumaku hadi mwale uwe na upana wa nanomita chache, kwa hiyo unachagua punje unayoitaka. Ya pili ni kwamba elektroni hugusana na atomi kwa nguvu kubwa maelfu ya mara kuliko eksirei. Fuwele ya nanomita 50, ambayo kwa mashine ya kawaida ya eksirei ni sawa na haipo, hutoa madoa yanayoonekana kwa macho.

Nguvu hiyohiyo ndiyo chanzo cha shida. Eksirei ikipita kwenye fuwele ndogo, kwa kawaida hutawanyika mara moja na kutoka. Elektroni hutawanyika, ikatawanyika tena, pengine na mara ya tatu, kabla haijatokea upande wa pili. Hivyo katika eksirei mng'ao wa doa ni ushahidi kuhusu atomi zilivyokaa. Katika elektroni ushahidi ni mahali doa lilipo, na mng'ao wake ni fununu tu mpaka uufanyie hesabu nzito. Shika jambo hili, maana ndilo linalozitenganisha njia zote zinazofuata.

Elektroni kuwa na tabia ya wimbi lilikuwa wazo la Louis de Broglie mwaka 1924. Mwaka 1927 Clinton Davisson na Lester Germer, wakifanya kazi Bell Labs nchini Marekani, waliona elektroni zikiruka kutoka kwenye fuwele ya nikeli kwa pembe maalumu, na mwaka huohuo George Paget Thomson, akiwa Aberdeen, alipata pete kwa kuzipitisha elektroni kwenye utando mwembamba. Davisson na Thomson waligawana tuzo ya Nobel ya 1937. Urefu wa wimbi la elektroni kwenye TEM ya kilovolti 200 ni pikomita 2.5. Ule wa eksirei ya shaba inayotumika maabara nyingi ni pikomita 154. Kwa sababu wimbi la elektroni ni fupi hivyo, pembe za kutawanyika ni ndogo sana na picha moja inakuonyesha wavu mzima wa madoa, wakati eksirei inabidi uizungushe sampuli ndipo madoa yajitokeze moja baada ya jingine.

SAED: hii ni fuwele ya nini?

SAED, yaani difraksheni ya eneo lililochaguliwa, ndiyo ya kwanza ambayo kila mtu wa TEM hujifunza, na naamini inafaa kubaki ya kwanza. Sampuli iwe nyembamba, chini ya nanomita 100 kwa vitu vingi. Unatazama picha, unalizungushia eneo lako kitundu cha duara, kisha unabadili lenzi kwa kitufe kimoja: picha inaondoka, na mahali pake panatokea difraksheni. Punje moja hutoa madoa yaliyopangwa kama wavu. Punje nyingi ndogo hutoa pete. Kitu kisicho na mpangilio, mfano glasi, hutoa ukungu wa duara.

Mimi huanza na gridi ya utando wa dhahabu kabla ya kugusa sampuli yoyote. Kioo cha kijani kinawaka. Katikati pana doa kali ambalo unalifunika kwa kijiti ili lisiharibu kamera, na kulizunguka kuna pete: mbili za kwanza zimebanana, kisha pengo, kisha nyingine. Rula inatosha. Kwa kilovolti 200 na urefu wa kamera (umbali wa kihesabu kutoka sampuli hadi kioo) wa milimita 800, nusu kipenyo cha pete ya kwanza ni karibu milimita 8.5, ya pili 9.85, ya tatu 13.9. Zidisha urefu wa wimbi kwa urefu wa kamera, gawanya kwa nusu kipenyo, unapata umbali kati ya tabaka za atomi: nanomita 0.2355, halafu 0.204, halafu 0.144. Hiyo ni dhahabu. Na hata kabla ya kugawanya, uwiano wa pete umeshasema kitu. Kwa metali za kawaida, pete ya pili ikiwa mara 1.155 ya kwanza, mchemraba una atomi katikati ya kila uso wake, kama dhahabu, alumini na ostenaiti. Ikiwa mara 1.414, mchemraba una atomi moja katikati ya kiini chake, kama feraiti, mpangilio mwingine wa fuwele za chuma. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hii kwa mkono mara kumi hatadanganywa na programu itakayomletea jibu la ajabu.

Usahihi wake una kikomo. Umbali unaoupima kwa SAED huwa na kosa la asilimia 1 au 2, kwa sababu urefu wa kamera hubadilika kidogo kila unapogusa lenzi. Ndiyo maana ya ile dhahabu. Na eneo dogo unaloweza kulichagua kwa kitundu ni la nanomita mia kadhaa. Ukipunguza kitundu zaidi ya hapo, unajidanganya: kasoro za lenzi zinaleta elektroni kutoka nje ya duara unaloliona.

Mtego mkubwa wa SAED ni madoa ambayo hayatakiwi kuwepo. Chukua silikoni. Kwa kanuni za muundo wake, doa la 002 (namba hizi tatutatu ni majina ya tabaka na mielekeo ndani ya fuwele) halipaswi kuonekana. Mtu wa eksirei atakuapia hivyo. Sasa itazame silikoni kwenye TEM ukiielekeza kwenye mhimili wa 110, na doa la 002 lile pale, tena wazi. Elektroni ilitawanywa na tabaka moja la familia ya 111, halafu ikatawanywa na jingine, na jumla ya hatua hizo mbili ikaangukia palepale pasiporuhusiwa. Asiyejua hilo ataandika kwamba amegundua aina mpya ya silikoni. Dawa yake ni kuinamisha sampuli hadi njia ya kupitia hatua mbili ifungwe. Doa la kweli litabaki, la kuazima litafifia. Kwa sababu hiyohiyo usikubali kamwe jibu la wavu mmoja. Pata mielekeo miwili au mitatu kutoka punje ileile, na pembe uliyoinamisha ilingane na pembe ambayo fuwele unayoishuku inaidai.

Dan Shechtman alifanya uangalifu wa namna hiyo tarehe 8 Aprili 1982. Alikuwa na aloi ya alumini na manganizi iliyopozwa ghafla, na kwenye difraksheni aliona madoa kumi kuzunguka kitovu, ulinganifu ambao vitabu vyote vya wakati ule vilisema hauwezekani kwa fuwele. Maelezo rahisi yalikuwa kwamba ni fuwele pacha, vipande kadhaa vilivyoshikana kwa pembe na kuchanganya madoa yao. TEM ilimpa namna ya kulijaribu jambo hilo papo hapo: ukichukua doa moja na kutengeneza picha kwa elektroni za doa hilo pekee, kwenye pacha kitang'aa kipande kimoja na vingine vitabaki giza. Hakupata pacha. Makala yake na wenzake ilitoka mwaka 1984. Linus Pauling, mshindi wa Nobel mara mbili, aliendelea kushikilia kwamba ni pacha tu, na Shechtman alipewa Nobel ya kemia mwaka 2011. Mashine nyingine hazikupi picha na difraksheni za mahali pamoja kwa wepesi huo, na kama sampuli yako ina ubishi ndani yake, hiyo ni sababu tosha ya kuchagua TEM.

Mfano mwingine uko karibu na paa zetu. Majengo mengi ya zamani Afrika Mashariki bado yameezekwa kwa saruji ya asbesto. Nyuzi zake zinaweza kuwa nyembamba kiasi cha nanomita 20 hadi 40, na hadubini ya mwanga haizioni kabisa. XRD nayo huanza kusumbuka kiasi cha asbesto kinaposhuka karibu na asilimia 1. SAED inasoma uzi mmoja. Kwenye krisotili, asbesto nyeupe, utaona safu za madoa zilizoachana kwa umbali unaolingana na nanomita 0.53, na baadhi ya madoa yamevutwa yakawa michirizi, kwa kuwa kila uzi ni bomba lililoviringishwa kama mkeka. Asbesto za kundi la amfiboli nazo zina safu za nanomita 0.53, kwa hiyo namba hiyo peke yake haitoshi. Michirizi ile, bomba lenye uwazi katikati, na kipimo cha kemia cha papo hapo ndivyo vinavyotenganisha. Kanuni za Marekani za kukagua asbesto mashuleni, zilizotokana na sheria ya AHERA ya 1986, zimejengwa juu ya TEM na difraksheni hii. Ila fanya haraka, maana krisotili huharibika chini ya mwale na madoa hufifia ukiyatazama.

EBSD: punje zimeelekea wapi?

EBSD hukaa ndani ya SEM. Sampuli ni nene kadiri upendavyo, lakini unaiinamisha digrii 70, na elektroni za kilovolti 15 au 20 zinazoruka kutoka usoni mwake zinapokewa na kamera ya pembeni. Huoni madoa. Unaona mikanda inayokatizana, kila mkanda ukiwakilisha familia moja ya tabaka za atomi. Ni mikanda ya Kikuchi, kwa jina la Seishi Kikuchi wa Japani aliyeieleza mwaka 1928 akifanya kazi na maika. Kompyuta inaitambua mikanda, inapima pembe kati yake, na inatoa mwelekeo wa fuwele kwa kosa la karibu nusu digrii. Kisha mwale unasogea hatua moja na kazi inaanza upya. Ramani yangu ya weldi ilikuwa na nukta 250,000, mikroni moja kila hatua. Kwa nukta 100 kila sekunde hizo ni dakika kama 42, na kamera za sasa hufikia maelfu kwa sekunde.

Ukiziweka SAED na EBSD bega kwa bega, tofauti inayobeba uamuzi wako ni hii: SAED hupima umbali, EBSD hupima pembe. Wengi wanaifahamu tofauti ya ukubwa wa eneo, lakini hii ya umbali na pembe ndiyo inayowaangusha. EBSD ya kawaida haiwezi kutenganisha shaba na nikeli. Zote mbili ni mchemraba wa aina moja, pembe zilezile, na ukubwa wa visanduku vyao, nanomita 0.3615 na 0.3524, unatofautiana kwa asilimia 2.6 tu, kiasi ambacho upana wa mikanda hauwezi kukisoma kwa uhakika. Kwa hiyo EBSD haigundui fuwele usiyoijua. Wewe unaipa orodha ya zinazowezekana na yenyewe inachagua humo. Ukisahau kuweka moja kwenye orodha, ramani itaipaka rangi ya jirani yake bila kukuonya. Ostenaiti na feraiti haina shida nazo, maana michemraba yao ni tofauti. Kwatzi humsumbua mwanajiolojia, kwa kuwa ukiizungusha digrii 60 kwenye mhimili wake mikanda hufanana sana, na programu huyumba kati ya majibu mawili ndani ya punje moja.

Kuhusu maandalizi, watu hudhani EBSD ni rahisi kwa vile haihitaji sampuli nyembamba. Habari inayofika kwenye kamera inatoka nanomita 10 hadi 40 za juu tu. Msasa wa mwisho ukiacha tabaka lililovurugika la kina hicho, mikanda haipo, hata kama uso unang'aa kama kioo cha kujitazamia. Hatua ya mwisho ni kung'arisha kwa silika laini ya mikroni 0.05, taratibu, kwa muda mrefu kuliko subira yako inavyopenda. Nimeshuhudia mtu akibadilisha mipangilio ya kamera nusu siku nzima wakati dawa ilikuwa dakika 30 zaidi kwenye kitambaa cha kung'arishia. Mawe na kauri, kwa kuwa hayapitishi umeme, yapake utando mwembamba wa kaboni, nao usizidi, vinginevyo mikanda inafifia.

Punje zikiwa ndogo chini ya nanomita 100, EBSD ya kawaida inachanganyikiwa, kwa sababu mikanda ya punje mbili hupandana. Tangu 2012 kuna njia ya kati inayoitwa TKD: unachukua sampuli nyembamba kama ya TEM, unaiweka kwenye SEM, na kamera inapokea elektroni zilizopenya. Inashuka hadi chini ya nanomita 10. Kwa mwenye SEM nzuri asiye na TEM, ningeijaribu hii kabla ya kutafuta usafiri.

CBED na mwale mdogo

Hizi ni za mtu ambaye SAED imemfikisha mahali lakini haijamaliza. Katika CBED unaukusanya mwale kama koni juu ya nukta ya nanomita chache, na kila doa linafunguka kuwa sahani yenye michoro ndani. Walter Kossel na Gottfried Möllenstedt waliionyesha mwaka 1939. Michoro hiyo inakupa unene wa sampuli, na kwa mwenye subira inakupa ulinganifu kamili wa fuwele, hata ule ambao madoa ya SAED hayawezi kuuonyesha. Hapa kule kutawanyika mara kadhaa, ambako kwa SAED ni adha, ndiko kunakoleta habari. Sampuli iwe safi kabisa, kwani uchafu wa mafuta hujikusanya kwenye nukta ya mwale na kuifunika ndani ya dakika chache.

Mwale mdogo unaotembezwa nukta hadi nukta, ukihifadhi difraksheni nzima kila mahali, huitwa 4D-STEM. Ni mzuri kwa ramani za mkazo, kuona fuwele imevutwa au kubanwa kwa sehemu ya elfu moja, na kwa punje za nanomita chache. Lakini jiandae na data: ramani ya nukta 256 kwa 256, kila nukta na picha ya 256 kwa 256 kwa biti 16, ni gigabaiti 8 na zaidi. Kama kompyuta yako ni ya kuandikia barua, usiombe njia hii kwanza.

3D ED: atomi zimekaa wapi?

Hii ndiyo inayonipa matumaini makubwa kwa wenzetu wanaotengeneza dawa, wanaochunguza misombo ya mimea, na wanaounda madini yenye vitundu ya kuchujia. Wote hukutana na ukuta mmoja: wamepata unga wa kitu kipya, unga hautaki kukua uwe fuwele kubwa, na mashine ya kawaida ya eksirei ya fuwele moja inataka fuwele ya makumi ya mikroni. Mahali pa kupeleka fuwele ndogo kwa eksirei ni sinkrotroni, mashine kubwa inayotoa eksirei kali sana, na Afrika haina hata moja.

Kwenye 3D ED unachukua fuwele moja ndani ya unga, chini ya nusu mikroni kwa unene, unaizungusha taratibu ndani ya TEM huku kamera ikirekodi difraksheni, na programu inaunganisha picha zote kuwa umbo kamili la pande tatu. Ute Kolb na wenzake walianza kuijenga njia hii mwaka 2007 kwa kuinamisha hatua kwa hatua. Mwaka 2013 kundi la Tamir Gonen lilionyesha kwamba hata protini, lisozaimu, inawezekana, kwa mwale dhaifu sana ili fuwele isife kabla ya kusomwa. Wao waliiita MicroED. Mwaka 2018 makundi mawili, moja Marekani na jingine Ulaya, yalitoa miundo ya molekuli ndogo kutoka kwenye unga mtupu. Moja la majaribio hayo lilikuwa parasitamoli, iliyochukuliwa kwenye dawa ya mafua ya dukani bila kusafishwa.

Ikilinganishwa na eksirei ya fuwele moja, 3D ED bado ina deni. Kipimo cha jinsi muundo unavyolingana na data, ambacho kwa eksirei nzuri huwa chini ya asilimia 5, hapa mara nyingi ni asilimia 10 hadi 25 ukichukulia elektroni zilitawanyika mara moja tu. Ukiifanya ile hesabu nzito ya kutawanyika mara nyingi, namba inashuka na hata atomi za haidrojeni hujitokeza. Kwa hiyo mwenye fuwele ya mikroni 50 mkononi aende kwenye eksirei. Mwenye unga asihangaike mwaka mzima kuukuza.

Unene na uimara wa sampuli ndivyo vinavyoamua. Vitu vya kikaboni huhitaji kupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Vyenye maji ndani yake vinaweza kubadilika kwenye ombwe kabla hata mwale haujawashwa, na muundo utakaoupata utakuwa wa kitu kilichokauka. Linganisha na XRD ya unga uleule kila mara.

Kabla ya kutuma ombi

Kwa aliye kanda yetu, TEM kwa kawaida maana yake ni safari au ushirikiano. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Nelson Mandela kule Gqeberha kina kituo cha TEM za ufafanuzi wa juu kilichofunguliwa mwaka 2011, na maombi ya kufanya kazi pamoja ndiyo njia ya kawaida ya kuingia mahali kama hapo. Popote uombapo, ambatisha XRD yako, picha za SEM, na orodha ya fuwele unazozishuku pamoja na ukubwa wa visanduku vyake. Fundi akiona umeshafanya kazi yako ya nyumbani, siku yako ya mashine inaanza saa mbili asubuhi. Usipofanya, inaanza baada ya chakula cha mchana.

Weldi yangu ilitaka njia tatu, kwa mpangilio uliokuwa kinyume cha nilioanza nao. XRD ilisema ostenaiti na feraiti kidogo, basi. Ramani ya EBSD ikaonyesha kwamba kutu inafuata mipaka ya punje zenye pembe kubwa kati yao na kuiruka mipaka ya pacha. Ramani hiyo ndiyo iliyoniambia pa kukata. Safari hii mwale wa ioni ulikata juu ya mpaka mmoja tuliouchagua kwa jina, na kijisahani kilipoingia TEM, kando ya mpaka ulionekana mstari wa vijidude vyeusi vya nanomita makumi kadhaa, vidogo mno kwa hatua ya mikroni moja. Nikaingiza kitundu, nikabonyeza kitufe. Madoa ya ostenaiti yalikuwepo, na kati ya kila mawili yalijipanga madoa mawili madogo yaliyoigawa nafasi sawasawa mara tatu. Kabidi ya kromiamu, M23C6, ina kisanduku cha nanomita 1.06, karibu mara tatu ya kile cha ostenaiti, na huota sambamba nacho. Kromiamu iliyotakiwa kuulinda mpaka ule ilikuwa imeliwa na vijidude hivyo wakati weldi inapoa.